Wembe wa Jumatatu

Mwanjelwa, baridi ya Juni
imeingia saluni kwangu bila kubisha hodi.
Nimeweka jiko la mkaa katikati ya mabenchi,
watu wamelizunguka kama wafiwa,
maana jana tulifungwa. Nyumbani. Moja bila.
Na waliotufunga ni wale wa Makambako
waliokuja na basi bovu
ambalo sisi wenyewe tulilisukuma, saa ya kuondoka.

"Afukuzwe," anasema Gwakisa wa viazi,
"leo, si kesho. Kiazi kikioza
unakitoa, unaokoa gunia."
"Kocha si kiazi," anasema mwalimu Anyosisye.
"Kocha ndiye gunia."
Wanacheka. Mimi nanoa.

Sikitu wa maziwa mgando yuko mlangoni,
ndoo bado kichwani, hataki kuketi:
"Misimu mitatu nyuma tulikuwa tunacheza wapi?
Pale ng'ombe walipokuwa wakikatiza uwanja
na refa anawasubiri wapite!
Nani alitutoa kule?"
"Alitutoa, sawa. Ila mtu akikuvusha mto
ndiyo ahamie kwako?"
"Umpe hata uji."
"Uji kanywa miaka mitatu!"

Lusekelo kaokota kipande cha mkaa,
anachora uwanja kwenye sakafu niliyoideki alfajiri:
hapa Ipyana angeingia, hapa beki tatu angepanda,
na hili pengo, jamani, pengo hili
hata bibi yangu angelipita na mzigo wa kuni.
Kwenye sakafu yangu tunashinda nne bila.
Kocha wa benchi la kinyozi
hajapoteza mechi tangu dunia iumbwe.

Pazia likasogea.
Kocha Nziku. Koti la mvua,
viatu vya jana, tope la jana.
"Habari za saa hizi?"
"Nzuri," tukaitika kwa pamoja, kama kwaya.
Gwakisa akakumbuka kwamba bei ya viazi imeshuka.
Mwalimu akaona ukungu wa mwaka huu umezidi.
Lusekelo akamkanyaga Ipyana,
akamfuta polepole kwa soli.

Akaketi. Nikamfunga shuka shingoni,
akainua kidevu, akafumba macho.
Kumbe mtu niliyemzomea mpaka sauti ikakauka
ana kovu dogo chini ya taya,
na koo lake likimeza mate
linapanda, linashuka, linasita
kama mpira usiojua kama umevuka mstari.
Msimu uliopita nilimnyoa ndevu nyeusi.
Leo nilishindwa kujua povu linaishia wapi.

"Kinyozi," akasema, macho yamefumbwa,
"wewe ungemwingiza nani?"

Wembe ukasimama.
Jiko likatoa cheche moja.
Jana jukwaani nilikuwa na jibu,
nililipigia kelele mpaka mtoto wa jirani akaziba masikio.
"Mimi nanyoa tu, kocha."
Akacheka kidogo, kwa uangalifu,
cheko la mtu mwenye chuma kooni.
"Nilitaka kumwingiza Ipyana. Dakika ya sitini.
Nikaogopa."

Hakuna aliyekohoa.
Nikamalizia shavu la kushoto.
Akalipa, hakungoja chenji, akatoka,
ukungu ukammeza kabla hajafika kwa wauza mitumba.

Pazia halijatulia, Gwakisa yuko wima:
"Mmesikia? Kakiri kwa kinywa chake!"
"Na wewe," akauliza Sikitu,
"mizani yako utaikiri lini?"
Mwalimu akasema kuogopa si kosa la kazi.
Akafikiri. Akasema, au ni kosa, sijui.

Lusekelo akachukua mkaa, akaanza upya.
Akachora mistari, akampanga Ipyana,
halafu pembeni, nje ya uwanja,
akaweka duara dogo, peke yake.
"Huyo nani?"
"Kocha. Si lazima asimame mahali?"

Gwakisa akataka lisogezwe,
lisogezwe zaidi,
mpaka mlangoni.